Ohio Nyamaza, Michigan Sema

Sehemu ya Tisa

Bastola ya Afande Trent Haupt ilichomoka kwenye ala kabla Mama Earline hajafunga mdomo.

Mnakumbuka alichosema. Wiki nzima mmekaa nacho kooni. Verdell Stokes, mzee wa miaka sitini na moja, mkuu wa walinda mlango wa kanisa la New Gilead pale Toledo, alikuwa amesimamisha gari kwenye kituo cha mafuta cha Khoury. Mikono juu ya usukani, vidole vimetanuliwa, kama alivyofundishwa na mama yake na kama alivyowafundisha watoto wake. Ndani ya mguu wa suruali, juu kidogo ya soksi ya kushoto, alikuwa amefunga bastola ndogo. Askari kijana akainama dirishani. Na kabla Verdell hajaamua aseme au asiseme, Mama Earline Beecham, mama wa kanisa, miaka sabini na tisa, kofia nyeupe, glavu nyeupe, akiwa amejikalia zake kiti cha abiria, akamwambia askari kwa sauti ile ile anayoombea chakula:

"Mwanangu, ndani ya gari hili kuna bastola."

Tuliwaacha hapo. Tuendelee upesi kabla kijana hajafyatua.

"Mikono," Haupt alisema. Sauti ilimpanda ikawa ya mtoto wa kwaya. "Nione mikono."

"Unaiona, afande," Verdell akajibu taratibu. "Iko hapa juu tangu uliponiwashia taa."

"Usinijibu."

"Sawa, afande."

"Nimekwambia usinijibu."

Verdell akanyamaza. Askari akamkodolea macho.

"Umenisikia?"

Huo ndio mtihani wetu, ndugu zangu. Ukijibu umekaidi, usipojibu umekaidi, na msahihishaji ameshika bastola iliyojaa risasi.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, nikusimulie kwa kifupi. Verdell na Mama Earline walikuwa wanarudi nyumbani kutoka mazoezi ya kwaya upande wa Michigan. Giza la Novemba lilikuwa limeshaingia, ingawa watu walikuwa bado hawajala chakula cha jioni. Haupt, askari wa kitongoji cha Pell, Michigan, akawasha taa zake za bluu nyuma yao. Kosa: magurudumu hayakutulia sawasawa penye alama ya kusimama. Barabara ilikuwa tupu, mashamba ya mahindi huku, maghala huku. Sasa, kuna watu katika nchi hii ambao wakiona taa za bluu husimama hapo hapo na kuulizia habari za watoto wa askari. Sisi hatusimami gizani. Sisi huwasha taa za dharura, tunapunguza mwendo, tunalikokota gari mpaka penye mwanga na macho ya watu. Hakuna aliyetuandikia hilo. Tumelinyonya na maziwa.

Verdell akalikokota mpaka kwa Khoury. Lakini Verdell alikuwa na sababu ya pili, na sababu hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Kituo cha Khoury kiko mpakani. Michigan, mwenye bastola mwilini lazima amwambie askari papo hapo, bila kuulizwa. Ohio, tangu mwaka 2022, unasema ukiulizwa. Usipoulizwa, nyamaza zako. Michigan lazima uwe na leseni ya kuibeba. Ohio, mtu mzima asiye na doa mahakamani hahitaji leseni yoyote, abebe tu. Verdell alikuwa nayo leseni ya Ohio, tena nzuri, yenye picha yake anatabasamu. Ikaisha muda. Akasema, kwani nani anaitaka tena? Akaiacha.

Kwa hiyo mtu yule yule, mguu ule ule, soksi ile ile: Ohio ni raia mwema anayefaidi haki zake. Michigan ni mhalifu anayeangalia kifungo cha hadi miaka mitano. Na kati ya raia mwema na mhalifu hakuna ukuta wala mto wala hata mbuzi aliyefungwa kamba. Kuna lami.

Na Jumatatu saa tatu asubuhi Verdell anatakiwa mbele ya hakimu. Mjukuu wake Joriel, miaka sita, mtoto wa marehemu binti yake Renelle, atakabidhiwa kwa babu, au atapelekwa kwa familia ya kulea watoto huko asikojulikana. Dada wa ustawi wa jamii alishamwambia kwa upole wote wa dunia: "Bwana Stokes, kati ya sasa na Jumatatu, hata kesi ya kuegesha gari vibaya nisiisikie."

Basi turudi garini.

"Bastola iko wapi?" Haupt akauliza.

Verdell akafumba macho. Mguu wa kushoto ukaanza kumwasha kama umeingiwa na siafu. Alijua kinachofuata. Mama Earline angeelekeza kidole cha glavu nyeupe kwenye suruali yake, na ungekuwa mwisho wa Joriel, au mwisho wa Verdell, au mwisho wa wote wawili kwa bei ya mmoja.

"Kwenye mkoba wangu," Mama Earline akasema.

Verdell akafumbua macho.

"Mkoba wa nani?"

"Wangu, Verdell. Unaona mkoba mwingine humu?"

"Mama Earline, una bastola?"

"Tangu alipofariki Beecham. Hukuwahi kuniuliza."

Haupt alikuwa anayahamisha macho kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kama anatazama mpira wa meza. "Mama, usiguse huo mkoba."

"Siugusi. Ndiyo maana nimekuambia. Kwenye darasa la bastola kule chini ya kanisa walitufundisha hivyo: mwambie askari kwanza, mengine baadaye. Leseni yangu iko mfuko wa pembeni. Haijaisha. Mimi vitu vyangu haviishi muda."

Verdell alilikumbuka hilo darasa. Yeye ndiye aliyekaa mlangoni akimimina kahawa. Aliona kofia nyeupe ikiingia, akadhani mama amekuja kuwaombea.

Na hapo, msomaji wangu, ukatokea muujiza. Bastola ya Haupt ikashuka. Mabega yakashuka. Rangi ikamrudi usoni. Kijana akacheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu kuandikwa magazetini.

"Mama," akasema, "umenishtua."

"Umejishtua mwenyewe. Mimi nilikuwa naongea."

"Bibi yangu naye anayo. Ya rangi ya waridi."

"Yangu ni nyeusi," Mama Earline akasema. "Kama mwenyewe."

Akazidi kucheka. Akauchukua mkoba kwa vidole viwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea sahani ya biskuti. Wanasheria wa nchi hii wamebishana zaidi ya miaka mia mbili juu ya haki ya raia kubeba silaha. Kumbe shida yote ilikuwa kofia. Kofia nyeupe ya kanisani, na umri wa kutosha kuitwa bibi, vimefanya ndani ya dakika moja kazi iliyowashinda majaji wote wa Washington.

Verdell hakuulizwa neno. Hata moja. Haupt akaenda kwenye gari lake kumwita sajenti kwenye redio, maana kijana wa mwaka mmoja kazini hawezi kumrudishia bibi mkoba bila mkubwa kuwepo.

"Verdell," Mama Earline akanong'ona, "mbona unatoka jasho? Ni Novemba."

"Mama, subiri kwanza."

"Nimekosea?"

"Hapana. Umefanya sawasawa kabisa. Hilo ndilo tatizo."

Mama akamtazama. Macho ya mama wa kanisa hayahitaji tochi. Yalishuka kifuani, yakapita tumboni, yakafika gotini, yakatua kwenye soksi.

"Unayo na wewe."

Verdell akauvuta mguu nyuma.

"Mguuni. Kama jambazi wa kwenye sinema. Kwaya umeiendea na bastola mguuni?"

"Nilisahau kuivua. Nimelinda mlango wa kanisa toka mchana, Mama. Tangu watu waanze kupigwa risasi kwenye viti vya ibada, naivaa kama saa."

"Leseni?"

"Iliisha."

"Kwa nini hukuikata upya?"

"Ohio walisema haihitajiki tena."

"Ohio walisema," Mama Earline akarudia polepole. "Na wewe, Verdell Stokes, mtoto wa Lorraine, ukaiamini serikali."

Hilo lilimuuma kuliko pingu.

"Mwite kijana umwambie."

"Nikimwambia tukiwa Michigan, nimejifunga mwenyewe. Lakini hapa ni Ohio. Ohio sina la kusema mpaka niulizwe."

"Nani kakuambia hapa ni Ohio?"

"Duka la Khoury liko Ohio. Nanunua bahati nasibu ya Ohio pale ndani miaka yote hii."

Mama Earline akageuza kofia, akatazama duka. Akatazama lami. Akamtazama Verdell.

"Duka, ndiyo," akasema. "Lakini sisi hatumo dukani."

Mnasema, si aseme tu? Mtu mwaminifu anaogopa nini? Wenye maswali hayo najua wanakaa mitaa gani.

Verdell alikuwa na binamu, Alvester. Mwaka 2012, enzi ambazo Ohio nayo ilitaka useme upesi, Alvester alisimamishwa. Leseni anayo, hai. Akasema, "Habari za jioni, afande." Akasema, "Naomba nizime redio." Sentensi ya tatu akasema, "Nina leseni na nimebeba bastola." Walimvunja bega wakimtoa garini. Halafu wakamshtaki kwa kuchelewa kusema. Kuchelewa, ndugu zangu: salamu moja na redio moja. Alvester mpaka leo hawezi kuinua mkono kupaka rangi dari, na kazi yake ilikuwa kupaka rangi dari.

Na ukitaka twende mbali, twende. Mwaka 1967, California, vijana weusi waliingia bunge la jimbo na bunduki mikononi, kihalali kabisa kwa sheria ya siku ile. Waheshimiwa waliokuwa wakiimba uhuru wa silaha asubuhi na jioni wakapatwa na upendo wa ghafla wa udhibiti. Sheria ya kuwazuia ikapita kabla mwaka haujaisha. Siku hizi wanatuambia haki hii ni ya kila mtu. Asanteni. Tumeiona orodha ya wageni. Jina letu limeandikwa kwa penseli.

Nimemaliza. Sajenti anafika.

Sajenti Marlene Nowicki alishuka kwenye gari lake bila haraka. Mwanamke mtu mzima, nywele za mvi zimefungwa nyuma, uso wa mwalimu mkuu ambaye hajawahi kupiga mtoto kwa sababu hajawahi kulazimika. Juu ya kifua, kamera yake ilikuwa inawaka kitaa chekundu. Haupt akamweleza. Sajenti akaichukua leseni ya Mama Earline, akaisoma mbele na nyuma, akatabasamu.

"Mama Beecham, laiti wote wangekuwa kama wewe."

"Wote wangekuwa kama mimi, binti, ungekuwa huna kazi."

"Nisingelalamika. Magoti yananiuma."

"Paka mafuta ya kafuri."

"Nimepaka. Hayasaidii."

Walikuwa wanaelewana vizuri mno. Verdell alizidi kuloa.

Ndipo mlango wa duka ukafunguka, akatoka Nassif Khoury mwenyewe, aproni kiunoni, kijiko cha kugeuzia kuku mkononi. Alipoona bastola ya Haupt kiunoni akakiweka kijiko chini kwa uangalifu mkubwa, maana Khoury naye ameishi nchi hii na ngozi yake si nyeupe kiasi cha kushika kijiko hovyo.

"Sajenti, mnanizibia pampu. Watu wanakuja kujaza mafuta wanaona taa, wanageuza."

"Dakika chache, Nassif."

"Na huyu kijana wako amesimama Ohio."

Haupt akaangalia viatu vyake. "Niko wapi?"

"Ohio. Gari lako liko Michigan, wewe mwenyewe uko Ohio. Ulipozunguka upande wa mama, umevuka. Mstari wa njano si ule pale? Niliupaka mwenyewe, baada ya watu wa kodi wa majimbo mawili kugombania mashine yangu ya soda. Kila mmoja anasema iko kwake. Nikawaambia, pimeni. Wakapima, nikapaka rangi."

Sajenti Nowicki akachukua tochi. Akaukuta mstari wa njano, rangi imefifia kwa matairi na chumvi ya barafu. Akaufuata mwanga, hatua kwa hatua. Mstari ulitoka kwenye pipa la takataka, ukaja, ukaingia chini ya bampa la nyuma la gari la Verdell. Sajenti akazunguka mbele. Akainama, magoti yakalia.

Mstari ulitokea chini ya bampa la mbele, kati kwa kati, umenyooka kama umepimwa kwa rula.

Sajenti akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kwenye boneti.

"Bwana Stokes," akasema, "kati ya maegesho yote ya dunia hii. Wewe umekaa Michigan. Mama Beecham amekaa Ohio."

Khoury akacheka. Haupt akacheka, kwa sababu mkubwa amecheka. Mama Earline hakucheka.

Tazama kazi ya serikali zenu mbili. Ndani ya gari moja, viti viwili, kibweta cha pipi katikati. Mwanamke aliyekaa Ohio, ambaye sheria ya kwao ilimruhusu anyamaze, amesema. Mwanaume aliyekaa Michigan, ambaye sheria ya hapo ilimtaka aseme papo hapo, amenyamaza. Umbali kati yao ni mtu kunyoosha mkono apewe peremende. Na papo hapo ya Verdell ilishapita zamani. Ilipita kabla ya mkoba, kabla ya sajenti, kabla ya magoti na kafuri.

"Sajenti," Haupt akasema, "niandike tiketi ya alama ya kusimama?"

Verdell akamwona Joriel. Alimwona amekaa kwenye benchi la mahakama na begi lake la mgongoni, miguu haifiki chini, anaangalia mlango babu aingie.

Nowicki akafikiri kidogo. "Alisimama au hakusimama?"

"Alisimama kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo."

"Mpe onyo la mdomo aende. Mama amechoka, na Nassif anataka pampu zake."

Hewa ikaingia mapafuni mwa Verdell kwa mara ya kwanza tangu mashamba ya mahindi. Haupt akaurudisha mkoba kwa Mama Earline kupitia dirisha la Ohio. Akazunguka dirisha la Michigan, akamrudishia Verdell leseni ya udereva. "Siku nyingine simama mapema," akasema. "Umenivuta mwendo mrefu."

"Nilitafuta penye mwanga, afande."

"Kwa nini?"

Kijana aliuliza kwa moyo safi. Hakuwa na habari kabisa. Verdell alimtazama na karibu amwonee huruma.

"Macho yangu, afande. Uzee."

"Haya. Usiku mwema."

Ufunguo ulikuwa kwenye swichi. Kilichobaki ni kuuzungusha. Mama Earline alishaanza kuvuta mkanda wake. Khoury alishainama kuokota kijiko.

"Subiri kidogo," Sajenti Nowicki akasema.

Akaja mpaka dirishani, akaweka mkono juu ya paa la gari kama jirani anayeaga.

"Ni utaratibu tu. Mama ameniambia yake. Wewe je, Bwana Stokes? Unayo?"

Sasa ameulizwa. Hapa hata Ohio haina pa kumficha. Ukiulizwa, majimbo yote mawili yanataka jibu moja, na jibu liwe kweli.

Naam, angeweza kudanganya. Neno moja, hapana, na suruali imefunika kila kitu. Sajenti alikuwa na magoti mabovu na kuku wa Khoury walikuwa wananukia. Mara tisa katika kumi angeondoka salama.

Lakini Verdell alikuwa ameishi hapa miaka sitini na moja, na hesabu ya ile moja iliyobaki aliijua kwa majina. Mtu wetu akidanganya kuhusu bastola, kisha suruali ikapanda kidogo, tochi ikashuka kidogo, hiyo haiwi kesi tena. Hayo ni mazishi, na mkuu wa polisi mbele ya kamera akisema uchunguzi unaendelea. Joriel alishazika mama.

"Ninayo, Sajenti," Verdell akasema. "Mguu wa kushoto, kwenye kifundo. Mikono yangu haitoki hapa ilipo mpaka uniambie."

Haupt akachomoa tena. Kijana alikuwa anachomoa vizuri. Labda ndicho walichomfundisha zaidi.

"Alikuwa nayo muda wote," Haupt akasema. "Muda wote, Sajenti. Nimeinama dirishani mara mbili."

"Hukuniuliza, afande."

"Michigan hatuulizi. Wewe ndiye unatakiwa useme."

"Nilidhani niko Ohio."

"Uliposimamishwa ulikuwa Michigan."

"Niliposimamishwa nilikuwa naendesha. Niliposimama nilikuwa hapa."

"Wote wawili nyamazeni," Nowicki akasema. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Leseni ya kuibeba, Bwana Stokes."

"Ohio haihitaji leseni, Sajenti."

"Sijaiuliza Ohio. Nakuuliza wewe."

"Iliisha muda."

Feni ya jikoni kwa Khoury ilikuwa inavuma. Michigan, bastola mwilini, ndani ya gari, bila leseni iliyo hai: kila aliyekuwepo pale alijua hilo linaitwaje, hata mwenye kijiko.

"Ana mtoto," Mama Earline akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika; ile ya kuombea chakula ilikuwa imekwisha. "Sajenti, nisikilize. Jumatatu hakimu anampa mjukuu wake. Mtoto wa miaka sita. Mama yake tumemzika mwezi wa nne. Mkimwandikia hilo, mtoto anapelekwa kwa watu asiowajua, na nyie mtakuwa mmelinda nini?"

"Mama Beecham, mimi situngi sheria."

"Hata mimi. Lakini umekaa nayo hapo mkononi, sivyo?"

Nowicki alikuwa anautazama mstari wa njano ulipotokea chini ya bampa.

"Shuka kwenye gari," Haupt akaamuru. "Polepole."

Verdell akautazama mlango wake. Mlango wake ulifungukia Michigan. Akikanyaga chini pale, amekanyaga kifungo; upande wa pili, askari wa Michigan ni mgeni tu.

Mama Earline naye alilielewa hilo. Taratibu, bila kuomba ruhusa ya mtu, akaufungua mlango wa upande wake. Akatoa mguu mmoja, kiatu cheupe kikatua kwenye lami. Akatoa wa pili. Akasimama nje, akaushika mlango wazi kama anavyoushika wa kanisa siku ya harusi.

"Verdell," akasema. "Pitia huku."

"Upande wako," Haupt akasema. "Nani kakwambia uchague mlango? Shuka upande wako, sasa hivi."

Akitii, amempoteza Joriel. Asipotii, askari mwenye bastola mkononi atasema aliona mtu mwenye bastola mguuni anajirusha kwa ghafla. Na atakuwa hajasema uongo.

"Haupt," Sajenti Nowicki akaita.

"Sajenti?"

"Rudisha hiyo kwenye ala. Nenda kakae kwenye gari lako."

"Sajenti, ana silaha."

"Najua, kaniambia mimi. Nenda ukakae, vioo juu."

Kijana alisita, akatazama huku na huku, akaenda. Mlango wa gari lake ukajifunga.

"Nassif, ingia ndani. Kuku wako wanaungua."

"Hawaungui, Sajenti, nimepunguza mo—"

"Wanaungua."

Khoury akaingia. Akafunga mlango, na akageuza kile kibao cha dukani kikasoma pamefungwa.

Wakabaki watatu. Mama Earline nje upande wa Ohio, mlango mkononi. Verdell katikati ya majimbo mawili. Na sajenti upande wa Michigan, sura yake huwezi kuisoma, kama ukuta uliopakwa chokaa.

Nowicki akainua mkono, akaupeleka kifuani. Akabonyeza. Kitaa chekundu cha kamera kikazimika.

Katika maisha yake yote Verdell hakuwahi kusikia habari njema iliyoanza hivyo.

"Bwana Stokes," sajenti akasema kwa sauti ya chini, mkono wa kulia ukishuka kuelekea mkandani, "toka kwenye gari."

Hakusema upande gani.